Sensa ya tanki inasoma uongo? Uliza kwanza mwangwi umetoka wapi

Wakuu, kwa huu mgao wa maji watu wengi Dar wamefunga sensa za ultrasaundi kwenye matanki, unakaa zako sebuleni unaangalia kwenye simu maji yamebaki kiasi gani bila kupanda mnarani, na ni kitu cha maana sana kwa sababu ukiita boza tanki likiwa limeshakauka unanunua kwa bei ya mwenye shida. Tatizo ni kwamba malalamiko ni yaleyale kila mtaa, Kimara, Mbagala, Tabata: tanki limejaa inasema nusu, tanki halina kitu inasema limejaa, mchana inapanda usiku inashuka. Na mtu akishakasirika anaenda Kariakoo kununua sensa nyingine, anaifunga palepale ilipokuwa ya kwanza, ugonjwa unabaki uleule na hela imeshatoka.

Kabla hujanunua chochote shika hili moja. Sensa haijui maji ni kitu gani. Inapiga sauti ambayo sikio la mtu halisikii, hizi za kawaida ni kilohezi 40, halafu inasubiri mwangwi, na mwangwi wa kwanza wenye nguvu ya kutosha ndio inaouchukua, bodi inahesabu muda uliotumika kwenda na kurudi inaugeuza kuwa sentimita. Basi, haina kingine. Kama mwangwi wa kwanza umetoka kwenye ukuta wa tanki utaletewa umbali wa ukuta, na namba hiyo ni sahihi kabisa, ila ya kitu ambacho hukukiuliza. Kwa hiyo kwenye kila tatizo hapa chini tunachotafuta ni kimoja, nani kajibu? Ukishamjua aliyejibu dawa inajulikana.

Vifaa vya uchunguzi ni rahisi, futikamba, ufito msafi wa kuchovya kwenye tanki, na pima maji ya fundi mwashi. Panda juu, chovya ufito uone kimo halisi cha maji, pima na umbali kutoka uso wa sensa hadi kwenye maji, andika namba zote mbili pamoja na ile sensa inayosema wakati huohuo. Bila hizo namba tatu utakuwa unabahatisha tu.

TANKI LIKIKARIBIA KUJAA NAMBA INARUKA

Hili ndilo linalomwaga maji usiku kucha, kwa hiyo nalikalia kidogo. Sensa nyingi zinazofungwa mjini ni JSN-SR04T, ile isiyoingiza maji, kichwa chake ni cha aina moja na zile za rivasi za magari. Kichwa hichohicho ndicho kinachopiga na ndicho kinachosikiliza, na kikishapiga kinaendelea kutetemeka kwa muda mfupi, kikiwa kinatetemeka hakisikii kitu. Muda huo mfupi ni sawa na umbali wa sentimita 20 hadi 25 hivi, hapo ni eneo kipofu, chochote kilichosogea karibu zaidi ya hapo kwa sensa hakipo.

Sasa fuatilia maji yakiwa yanapanda. Sensa inasoma 40, inasoma 35, 30, 27, 25, kila kitu safi, halafu ghafla inaruka inasema 40 tena, mwenye nyumba anasema sensa imechanganyikiwa. Haijachanganyikiwa. Maji yamefika sentimita 20 kutoka kwenye sensa, mwangwi wa kwanza umerudi wakati kichwa bado kinatetemeka kwa hiyo haukusikika, ila sauti haikuishia hapo, imegonga kifuniko ikashuka tena kwenye maji ikapanda mara ya pili, na huo mwangwi wa pili ndio uliosikika, umesafiri mara mbili ndio maana 20 imekuwa 40. Bodi yako inaona maji yameshuka, pampu iliyokuwa inataka kuzimwa inaendelea, tanki linafurika, na bili ya maji na ya umeme zote zinakungoja.

Dawa ni kuinua sensa. Chukua kipande cha bomba la PVC, la inchi 6 ni zuri kuliko la inchi 4, kiweke juu ya kifuniko kama shingo na sensa ikae juu yake, lengo ni kwamba hata maji yakifika kwenye bomba la ovaflo uso wa sensa bado uwe umebakiza sentimita 30 kwenda juu. Shingo iwe fupi na pana, ikiwa ndefu na nyembamba mdomo wake wa chini utaanza kujibu, na ukishakata bomba kwa msumeno ile sehemu ya chini ipige msasa mpaka iwe laini kwa sababu zile nyuzi za plastiki zinazobaki zinarudisha mwangwi vizuri tu. Kama mahali hapana nafasi ya shingo, badilisha aina ya sensa, A02YYUW eneo lake kipofu ni sentimita 3 tu. Ila hata ukifunga sensa nzuri kiasi gani, pampu usiiachie peke yake, weka na floti ya umeme juu ya kiwango cha mwisho iwe inakata moja kwa moja, floti ni kitu cha bei ndogo na haina programu ya kukwama.

NAMBA IMEGANDA, ASUBUHI ILEILE JIONI ILEILE

Angalia imeganda wapi. Ikiwa imeganda kwenye 20 na kitu karibu na mwanzo wa kipimo, mara nyingi aliyejibu ni tone la maji. Tanki limefungwa, jua la Dar linapiga, mvuke unapanda, ukipata ubaridi wa kifuniko usiku unageuka matone, na tone likining'inia kwenye uso wa sensa ule mtetemo wa kichwa unarefuka kupita eneo kipofu, bodi inauchukua kama mwangwi. Futa kwa kitambaa, ikirudi kusoma vizuri umeshajua ugonjwa. Cha kudumu ni kuliwekea tanki kitundu cha hewa upande wa juu na kivuli juu ya kifuniko. Kitundu hicho lazima kifungwe kipande cha chandarua, tafadhali sana hili usiliache, dengi imetusumbua mjini hapa mwaka 2014 na ikarudi 2019, na yule mbu anapenda maji safi yaliyotulia kama hayo ya kwako. Buibui nao wanapenda sana kile kishimo cha shingo, utando mmoja mbele ya sensa unatosha kukusumbua wiki nzima.

Ikiwa imeganda katikati, mfano inasema 63 hata maji yakishuka, kuna kitu kimesimama kwenye sentimita 63. Weka futikamba usoni mwa sensa ishushe 63 uone inakufikisha wapi. Utakuta ni mkono wa floti, ama bomba la kuingizia maji, ama ile mikunjo ya ukuta wa tanki la plastiki, kwa sababu sauti haishuki kama kamba iliyonyooka, inatanuka kadiri inavyokwenda chini, sensa iliyofungwa karibu na ukuta lazima iguse mikunjo. Isogeze kuelekea katikati ya tanki mbali na bomba la maji.

Halafu kuna ya mteremko. Matanki yetu mengi juu yana bega la duara, fundi anatoboa pale begani kwa sababu ndipo mkono unapofika, sensa inakaa imeinama inatazama ukuta wa pili. Maji yakitulia siku zote yako bapa, kwa hiyo sauti ikishuka kwa kuinama nayo inarudi kwa kuinama inaenda zake pembeni, digrii chache tu zinatosha kukupotezea mwangwi na tanki likiwa refu ndio mbaya zaidi. Hapo ndipo pima maji inapofanya kazi, weka juu ya sensa pande mbili, kibofu kikae katikati, weka vipande vya raba chini mpaka ikae sawa.

SAA SABA MCHANA TANKI LINAJAZIKA LENYEWE

Hakuna aliyefungua maji ila simu inasema yameongezeka, ikifika usiku yamepungua na hakuna aliyeoga. Aliyejibu ni maji kweli safari hii, kilichobadilika ni mwendo wa sauti. Kwenye hewa ya nyuzi 20 sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde, na programu nyingi za kwenye mtandao zimeandikwa kwa namba hiyohiyo, ile ya kugawanya muda kwa 58 kupata sentimita ndiyo hiyo. Lakini hewa ya ndani ya tanki jeusi lililoanikwa juani mwezi wa pili ikifika nyuzi 50 sauti inakimbia karibu mita 362 kwa sekunde, mwangwi unawahi kurudi, bodi inadhani maji yamesogea. Kwa kila mita moja ya hewa unapata kosa la sentimita 5 hivi, na usiku kwenye nyuzi 25 kosa linabaki sentimita 1, kwa hiyo tofauti ya mchana na usiku ni sentimita 4.

Sentimita 4 unaweza kuziona ndogo, lakini piga hesabu. Kipenyo cha tanki kwa mita, zidisha kwa chenyewe, zidisha kwa 0.785, halafu zidisha kwa 10, unapata lita kwa kila sentimita moja ya kimo. Tanki lenye kipenyo cha mita 1.1 linatoa lita 9.5 kwa sentimita, kwa hiyo hizo 4 ni ndoo mbili za lita 20 ambazo hazipo. Tanki pana zaidi ndio ndoo zinaongezeka.

Dawa ni kuipa bodi joto. Kuna kipimajoto kidogo cha waya kinaitwa DS18B20 kinapatikana cha kuzuia maji, kining'inize ndani ya hewa ya tanki kati ya sensa na maji, kisiguse kifuniko maana kifuniko kina joto lake, kisizame kwenye maji maana maji nayo yana lake. Kwenye programu weka mwendo wa sauti uwe 331.3 jumlisha 0.606 mara joto, utapata mita kwa sekunde, yale maji ya mchana yatatulia. Mgandamizo wa hewa hauna shida sana hapa, watu wanaogopa kwamba tanki limefungwa hivyo hewa imebanwa, hapana, kinachobadilisha mwendo wa sauti ni joto na aina ya hewa iliyomo.

MAJI YAKIINGIA NAMBA ZINACHEZA

Inasoma 80, 76, 31, 82, 44. Hapo maji ya bomba yanadondoka yanapiga mawimbi na kurusha matone, kila mwangwi unatoka kwake. Cha kwanza ni cha bure, kwenye programu chukua vipimo 9 mfululizo, acha nafasi ya milisekunde 60 kati ya kimoja na kingine ili mwangwi wa zamani ufe kwanza, vipange kutoka kidogo hadi kikubwa uchukue cha katikati. Usichukue wastani, maana kipimo kimoja cha kipuuzi kinavuta wastani wote, cha katikati hakijali.

Kama bado, shusha bomba la PVC la inchi 4 kutoka kwenye sensa mpaka karibu na chini ya tanki, maji ndani ya bomba yanatulia na yale ya nje yanaruka yanavyotaka. Toboa matundu chini ili maji yaingie, na toboa tundu moja juu kabisa juu ya kiwango cha maji kujaa, hili la juu watu wanalisahau kisha hewa inanaswa ndani ya bomba, maji ya nje yanapanda ya ndani yamekataa, unaanza kuilaumu sensa. Bomba liwe kipande kimoja, ukiliunga kwa soketi ule mdomo wa maungio utajibu kabla ya maji.

INASEMA SIFURI, AU INASEMA ASILIMIA MIA WAKATI HAKUNA MAJI

Hii imeunguza pampu nyingi zinazonyonya kutoka tanki la chini. Kwenye Arduino, ile bodi ndogo inayoandikiwa programu, amri ya kusubiri mwangwi isiposikia kitu ndani ya muda wake inarudisha sifuri. Sifuri hiyo maana yake "sijasikia", haimaanishi maji yapo sentimita sifuri. Lakini programu iliyoandikwa haraka inafanya kimo cha tanki kutoa sifuri, inapata tanki limejaa, asilimia 100, na pampu inaruhusiwa kunyonya hewa mpaka siili zinaungua. Weka sharti kwenye programu, sifuri ikija itupe, zikija sifuri nyingi mfululizo zima pampu utume ujumbe kwenye simu. Ukiwa na mashaka hali salama ni pampu kuzimwa.

Sasa kwa nini haisikii. Mara nyingi ni umeme. Sensa inataka volti 5 na ESP32, bodi ya namna hiyo yenye waifai, inafanya kazi kwa 3.3, ule waya wa mwangwi unaporudi na volti 5 moja kwa moja kwenye ESP32 unaiumiza taratibu, weka rezista mbili, ya kiloomu 1 itoke kwenye waya wa mwangwi kuja kwenye pini na ya kiloomu 2 kutoka kwenye pini kwenda grandi. ESP32 ikirusha waifai inavuta umeme kwa mshtuko, chaja mbovu ya simu inashuka volti sekunde hiyohiyo na sensa inapiga sauti dhaifu, kapasita ya maikrofaradi 470 kwenye mdomo wa umeme wa sensa inatuliza. Na ule waya mweusi wa kichwa cha JSN-SR04T, unaokuja na mita 2.5, usiuunge kuurefusha, unabeba mwangwi mdogo sana ambao ile bodi ndogo ya sensa yenyewe bado haijaukuza, ukitaka umbali sogeza bodi hiyo iwe kwenye boksi karibu na tanki urefushe waya za upande wa pili. Waya hizo zisilale pamoja na waya za pampu.

SENSA ZA KUBANDIKA NJE, MTUNGI WA GESI NA MATANKI YASIYOTOBOLEWA

Hapa kanuni ni ileile ila sauti inapita kwenye kimiminika chenyewe kutokea chini, inapanda mpaka juu ya kimiminika inagonga mpaka wake na hewa, inarudi. Masafa yake ni ya juu zaidi, ya megahezi. Kinachosumbua namba moja ni hewa kati ya sensa na ukuta, hata hewa nyembamba kama karatasi sauti ya namna hii haivuki, inarudi yote. Ndio maana hospitali mama mjamzito anapakwa jeli tumboni kabla ya kupimwa, na jeli hiyohiyo ya duka la dawa inafaa kwa majaribio, kwa kudumu tumia grisi ya silikoni maana jeli ya maji inakauka. Kwenye mtungi kwangua kutu na rangi iliyovimba, paka, bandika, bana isicheze.

Kwenye mtungi wa gesi sensa ikae katikati kabisa ya kitako, kwa sababu kitako ni cha mviringo na pembeni sauti inapanda imeinama. Usipime ukiwa unapika, gesi inayotoka inafanya kimiminika kichemke na mapovu yanatawanya sauti, zima jiko subiri dakika kadhaa. Mtungi mpya kutoonyesha mia ni sawa, gesi hujazwa karibu asilimia 80 tu ya ujazo ili ipate pa kutanukia. Na hakikisha umechagua gesi kwenye mipangilio, kwenye maji ya nyuzi 30 sauti inakwenda kama mita 1,500 kwa sekunde, kwenye gesi ya kupikia ya kimiminika iko chini ya 1,000, ukiacha mpangilio wa maji utaambiwa una gesi nyingi ambayo huna. Ukitaka uhakika pima mtungi kwenye mizani utoe uzito wa mtungi mtupu, umegongwa kwenye chuma sehemu ya juu.

Tanki la plastiki kubandika chini ya kitako ni kamari. Mengine yana tabaka la katikati lenye povu, hilo limejaa vihewa na sauti inafia humo, hakuna jeli itakayosaidia. Na tope linalotulia chini baada ya miezi ya maji machafu linajibu kabla ya maji. Kwa tanki la nyumbani mimi naona bora ufunge juu.

POVU, MAFUTA, PETROLI

Wanaotengeneza sabuni ya maji kwenye mapipa, sensa ya juu haitawafaa, povu linameza sauti, unapata sifuri au kimo cha povu. Weka pipa juu ya mizani, au bandika sensa chini ya pipa. Petroli usitumbukize sensa hizi za bei rahisi kabisa, hazijatengenezwa kukaa kwenye mvuke unaolipuka, na hata zingekuwa salama mvuke wa petroli unapunguza mwendo wa sauti hivyo namba ingekuwa ya uongo. Tanki la jenereta pimia kwa nje.

UKIHISI SENSA IMEKUFA KWELI

Ishushe, iweke mezani ikitazama ukuta mpana laini, pima mita 1 kwa futikamba, halafu nusu mita, halafu mita 2. Ikisoma zote vizuri ni nzima, ugonjwa uko kwenye tanki. Ikisoma ya karibu na kushindwa ya mbali, kichwa kimedhoofika, na kwa HC-SR04 zile za macho mawili hilo ni la kutegemea kwa sababu nyavu zake ziko wazi, mvuke wa tanki unaingia mpaka ndani, hiyo ni ya kujifunzia mezani. Kigamboni na kote pwani hewa ya chumvi inakula viunganishi kwanza kabla ya sensa, chomoa plagi uangalie ukijani kwenye pini, safisha kwa spiriti na mswaki, paka grisi, rudisha, jaribu tena ukutani kabla hujaitupa.